Kuweka Chini Mzigo Unaoupenda

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hesabu 4:1–33, Hesabu 8:23–26, Hesabu 27:12–23, 1 Wafalme 1:5–31, 1 Wafalme 19:1–18, Mhubiri 5:18–20, Luka 12:13–21, Luka 14:28–30.

Fungu la Kukariri: Zaburi 71:18. Lisome katika Biblia yako, ulikariri, na uangalie mtunga zaburi anaomba aachiwe muda ili afanye nini.

Mfikirie mkunga katika hospitali moja ya wilaya nchini Tanzania. Ana miaka 55, na miaka 30 kati ya hiyo ameitumia katika wodi ya wazazi. Kwa utaratibu wa utumishi wa umma anaweza sasa kustaafu kwa hiari. Akipenda anaweza pia kuendelea mpaka afikishe miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Magoti humuuma kila anapotoka zamu ya usiku. Mama yake mzazi kijijini hawezi tena kujichotea maji. Kanisani wamemwomba mara nyingi awafundishe wasichana na kina mama vijana, naye hujibu kwamba atafanya hivyo akipata nafasi. Lakini kazi yake anaipenda. Kila mtoto anapolia kwa mara ya kwanza, humshukuru Mungu kana kwamba hajawahi kusikia sauti hiyo. Barua ya kuomba kustaafu ameiandika mara mbili, na mara mbili ameichana.

Aliyechoshwa na kazi yake hahitaji somo refu kuhusu kustaafu. Huhesabu siku tu. Ugumu uko kwa yule anayeamka asubuhi akiwa na hamu ya kwenda kazini. Afanyeje kujua kwamba wakati umefika? Je, kuondoka mapema ni kukimbia wito? Je, kuendelea kubaki ni uaminifu, au ni kung'ang'ania?

Juma hili tutawaangalia watu wa Mungu walioiweka chini kazi waliyopewa, na wengine walioshindwa kuiweka chini kwa wakati wake.

JUMAPILI

Furaha ya Kazi Yatoka Wapi?

Soma Mhubiri 5:18–20. Mhubiri anasema furaha ya mtu katika kazi yake imetoka kwa nani? Linganisha na Mwanzo 2:15.

Kabla dhambi haijaingia, Adamu alipewa bustani ailime na kuitunza. Kazi haikuja pamoja na laana. Kilichokuja na laana ni jasho na miiba. Kwa hiyo mtu anayeifurahia kazi yake asione haya, wala asidhani kwamba kuipenda ofisi, darasa au wodi ni kuipenda dunia. Mhubiri aliyaona mengi yaliyo ubatili chini ya jua, lakini uwezo wa kula, kunywa na kufurahia taabu ya mikono yako aliuita karama ya Mungu.

Karama, hata hivyo, haipaswi kukaa mahali pa Mtoaji. Kuna hatari inayomnyemelea hasa mtu anayeipenda kazi yake na kuifanya vizuri: polepole kazi huwa ndiyo jina lake. Watu humwita “daktari,” “mwalimu,” “fundi,” “bosi,” naye hujizoea hivyo mpaka asijue yeye ni nani siku asipoitwa hivyo. Tangu uumbaji Mungu aliweka dawa ya hatari hiyo. Kila juma, kwa saa 24, mkulima si mkulima, wala mhasibu si mhasibu. Wote ni wana wa Mungu waliopumzika. Sabato humfundisha mtu kuiacha kazi ikiwa haijaisha. Mtu aliyejifunza jambo hilo mara 52 kila mwaka ameanza kujiandaa kustaafu tangu ujana wake.

Ikiwa leo ungeondolewa cheo na kazi yako, ni nini kingebaki ambacho ungesema, “Huyu ndiye mimi”? Ulijifunzia wapi jibu hilo?

JUMATATU

Walawi wa Miaka 50

Soma Hesabu 8:23–26. Mlawi aliyefikisha miaka 50 aliagizwa aache nini, naye aliruhusiwa kuendelea na nini?

Hapa ndipo Biblia inapokaribia zaidi jambo tunaloliita kustaafu. Ili kuelewa agizo hili, yatupasa kwanza kuiangalia kazi yenyewe. Hesabu 4 inaeleza mizigo ya jamaa tatu za Lawi kila kambi ilipong'olewa. Wana wa Merari walichukua mbao, mataruma, nguzo na vitako vya hema. Wana wa Gershoni walichukua mapazia na vifuniko. Wakuu wa Israeli walipotoa magari ya kukokotwa na ng'ombe, Merari walipewa manne na Gershoni mawili. Wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa sababu vyombo vitakatifu vilipaswa kubebwa mabegani (Hesabu 7:6–9). Ilikuwa kazi takatifu, na ilikuwa kazi nzito.

Mungu hakungoja Mlawi aanguke njiani na vyombo vya patakatifu begani. Aliweka kikomo Mlawi akiwa bado na nguvu zake. Bila shaka wapo waliojisikia wangeweza kubeba miaka kumi zaidi. Lakini kikomo kile kilimlinda mzee, kiliulinda mzigo, na kilimfungulia nafasi kijana aliyekuwa akingoja zamu yake.

Angalia pia kwamba Mlawi yule hakufukuzwa hemani. Aliacha utumishi wa kubeba mizigo, lakini aliendelea kuwasaidia ndugu zake na kulinda malinzi katika hema ya kukutania. Hesabu 4 inataja miaka 30 kuwa mwanzo wa utumishi, na Hesabu 8 inataja miaka 25. Wengine wameelewa kwamba miaka ile mitano ya katikati ilikuwa ya kujifunza. Ikiwa ndivyo, basi vijana walihitaji wa kuwafundisha, na hakuna aliyejua kukunja pazia la hema kuliko mzee aliyelikunja kwa miaka 20.

Katika siku za Daudi taratibu zilibadilika. Sanduku lilikuwa limepata mahali pa kukaa, hema haikubebwa tena, na Walawi walianza kuhesabiwa kuanzia miaka 20 (1 Mambo ya Nyakati 23:24–27). Tunajifunza kwamba umri wenyewe si amri isiyobadilika. Nchini Kenya mtumishi wa umma anaweza kuomba kustaafu tangu miaka 50. Tanzania ni miaka 55. Sheria za nchi humwambia mtu lini anaruhusiwa. Hazimwambii lini inampasa.

Katika kazi yako, “kubeba” ni nini, na “kuwasaidia ndugu” ni nini? Je, unaweza kuacha la kwanza bila kuliacha la pili?

JUMANNE

Musa Aliomba, Daudi Alikawia

Soma Hesabu 27:12–23. Musa alipoambiwa kwamba mwisho wake umekaribia, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa nini? Kisha soma 1 Wafalme 1:5–31. Hali ilikuwaje katika nyumba ya Daudi?

Musa alikuwa na sababu nyingi za kujiombea mwenyewe. Alikuwa ameliongoza taifa miaka 40, na nchi ya ahadi ilikuwa mbele ya macho yake. Lakini katika sura hii hakuomba aongezewe siku. Aliomba mkutano usiachwe kama kondoo wasio na mchungaji. Mungu akamwagiza amweke mkono Yoshua mwana wa Nuni mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya watu wote, tena ampe sehemu ya heshima yake ili watu wapate kumtii. Heshima ilihamishwa Musa akiwa hai na watu wote wakitazama. Haikungoja mazishi.

Daudi alimpenda Mungu na aliwapenda watu wake. Alikuwa amemwapia Bath-sheba kwamba Sulemani ndiye atakayemrithi. Lakini miaka ilipita, mwili ukapoa, na jambo lile halikuwa limekamilishwa mbele ya watu. Macho ya Israeli yote, Bath-sheba alimwambia, yalikuwa yakimngoja awaambie ni nani atakayeketi kitini. Katika ukimya huo Adoniya alijitafutia magari, wapanda farasi na karamu. Nusura damu imwagike, kwa sababu tu mtu mwema alikawia kutamka neno moja.

Turudi kwa yule mkunga. Alipokuwa likizo, simu yake iliita saa nane usiku. “Shikamoo mama, samahani kukuamsha. Mtoto ametanguliza matako, na sista wa zamu anaogopa.” Alivaa haraka, akaenda, mama na mtoto wakapona. Akirudi nyumbani alfajiri alijisikia mwenye furaha, kisha furaha ile ikaanza kumsumbua. Yule sista wa zamu alikuwa amefanya kazi naye miaka sita. Kwa nini bado anaogopa? Alijua jibu. Kila ilipotokea hali ngumu, yeye mwenyewe ndiye aliyesogea mbele, na vijana walisimama nyuma wakishika taa na vifaa. Hakuwanyima kwa ubaya. Alikuwa tu anapenda kuitwa.

Miaka mingi alikuwa akisema, “Siwezi kuondoka, hawana mtu mwingine.” Alfajiri ile aliona kwamba maneno hayo, ambayo alidhani ni sababu ya kubaki, yalikuwa ni deni alilopaswa kulilipa kabla hajaondoka.

Ni nani leo angeweza kuishika kazi yako? Ikiwa hakuna, je, ni kwa sababu hawapo, au ni kwa sababu hawajapewa nafasi?

JUMATANO

Sababu za Kuacha, Sababu za Kubaki

Soma 1 Wafalme 19:1–18 na Luka 12:13–21. Eliya alitaka kuacha kazi kwa sababu gani? Tajiri wa mfano wa Yesu alitaka kupumzika kwa sababu gani?

Si kila hamu ya kuacha kazi imetoka kwa Mungu. Eliya aliomba afe chini ya mretemu siku chache tu baada ya ushindi wa Karmeli. Alikuwa amekimbia mbali, hajala, tena yuko peke yake. Mungu hakuipokea barua yake ya kujiuzulu, wala hakumkemea. Alimlaza, akamlisha, akamlaza tena, akamlisha mara ya pili. Baada ya safari ya Horebu ndipo alipompa kazi iliyobaki, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kumtia mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Mtu aliyechoka asifanye uamuzi wa kustaafu usiku ule ule wa uchovu. Achukue likizo kwanza. Alale, ale, aombe. Huenda kinachohitajika ni mapumziko ya mwezi mmoja, wala si kustaafu.

Tajiri wa Luka 12 yeye hakuchoka. Alikuwa na ghala zilizojaa na mpango wa kula, kunywa na kufurahi miaka mingi. Katika mpango wake hakuna jirani, hakuna maskini, hakuna Mungu. Kosa lake halikuwa kuweka akiba, bali kudhani kwamba maisha yana mwisho mmoja tu, nao ni starehe yake.

Vivyo hivyo, si kila sababu ya kubaki ni njema. Mtu anaweza kubaki kwa sababu ya posho, kwa kuogopa kukaa nyumbani na mwenzi waliyeacha kuzungumza naye, au kwa kuogopa kusahauliwa. Sababu hizo huvaa kwa urahisi nguo ya wito.

Soma Luka 14:28–30. Mafundisho haya juu ya kuhesabu gharama yanamhusuje mtu anayetaka kustaafu mapema?

Yesu alikuwa akisema juu ya kumfuata yeye, lakini alichukua mfano wa mtu mwenye busara ambaye huketi kwanza na kuhesabu. Kustaafu miaka mitano mapema kuna maana ya michango ya miezi 60 ambayo haitaingia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwa kawaida pensheni ya kila mwezi hupungua kwa ajili hiyo. Familia inapaswa kuuliza mapema: Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara utakwisha lini? Ada ya mtoto wa mwisho imebaki miaka mingapi? Matibabu yetu yatalipwaje bima ya kazini itakapokoma? Nyumba imekwisha, au tutaimalizia kwa kiinua mgongo?

Kiinua mgongo kinahitaji uangalifu wa pekee. Mtu ambaye hajawahi kushika fedha nyingi kwa mara moja hujikuta amezungukwa na ndugu wenye shida za kweli na marafiki wenye biashara za ndoto. Wastaafu wengi wamenunua gari la abiria wasilojua kuliendesha kibiashara, na katika mwaka mmoja gari liko juu ya mawe. Zaka na sadaka zitengwe kwanza, madeni yalipwe, na fedha iliyobaki isiguswe mpaka akili itulie.

Taja sababu tatu zinazokufanya ubaki katika kazi yako. Ipi kati ya hizo ungeona haya kumwambia Mungu kwa sauti?

ALHAMISI

Nahodha Aliyeshuka Melini

Joseph Bates, mmoja wa waasisi wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1792. Alianza ubaharia akiwa kijana mdogo mwaka 1807, akapanda mpaka kuwa nahodha na mwenye hisa katika mizigo aliyoisafirisha. Mwaka 1828, kabla hajafikisha miaka 36, aliiacha bahari. Alikuwa na afya, ujuzi, na akiba ya kuitunza familia yake.

Alipoacha bahari hakujua kitakachofuata. Alilima, akajitoa katika kazi ya kupinga ulevi, kisha akaupokea ujumbe wa marejeo ya Kristo uliohubiriwa na William Miller. Akiba ile aliitumia katika kueneza ujumbe huo, hata akauza nyumba yake. Baada ya Kukatishwa Tamaa Kukuu kwa mwaka 1844 alibaki maskini. Mwaka 1846 alichapisha kijitabu juu ya Sabato kilichowasaidia waanzilishi wengine kuipokea kweli hiyo. Aliendelea kuhubiri mpaka karibu na kifo chake mwaka 1872. Miaka yake ya baharini ilikuwa 21. Miaka aliyoishi baada ya kushuka melini ilikuwa 44.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi cha siku Bates aliponunua unga kidogo kwa fedha yake ya mwisho, akaketi kuandika juu ya Sabato. Mkewe Prudence alishangaa kumwona nahodha aliyezunguka dunia akirudi na unga wa kupimwa kidogo hivyo. Alipoambiwa kwamba hakuna fedha nyingine, alilia. Siku hiyo hiyo barua ilifika kwa posta ikiwa na fedha, na nyumba ikapata chakula. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya imani ya Bates, na ni haki. Lakini tusipite haraka machozi ya Prudence. Uamuzi wa kuacha kazi haumhusu mwenye kazi peke yake. Mungu aliwatunza wote wawili. Hata hivyo ni vema zaidi mume na mke waijue hesabu pamoja kabla unga haujaisha.

Hakuna anayeagizwa hapa kuuza nyumba yake. La kujifunza ni kwamba nahodha yule angeweza kubaki baharini kwa haki kabisa. Kazi ilikuwa halali na aliiweza. Aliiacha ingali njema, na maisha yake yakawa na nafasi ya jambo ambalo hakuwa ameliona bado.

Je, kuna jambo ambalo umekuwa ukimwambia Mungu, “Nikipata nafasi”? Ni miaka mingapi tangu ulipoanza kusema hivyo?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma 1 Samweli 12, ambamo Samweli anauachia uongozi lakini anakataa kuacha kuwaombea na kuwafundisha watu, 2 Samweli 19:31–39, Barzilai anapokataa heshima ya jumba la mfalme na kumtanguliza Kimhamu, na Yohana 3:25–30, Yohana Mbatizaji anapoona umati ukimhama.

Kwa kuyaunganisha tuliyojifunza, wakati wa kuiweka chini kazi unayoipenda hutambulika kwa mambo mawili yakikutana: kazi inaweza kusimama bila wewe, na wewe unaweza kusimama mbele za Mungu bila kazi hiyo. Likikosekana la kwanza, bado una deni kwa wenzako. Likikosekana la pili, una jambo la kuzungumza na Mungu, uwe na miaka 50 au 60. Hesabu ya fedha huja pamoja na hayo, wala haiyatangulii.

Yule mkunga aliandika barua kwa mara ya tatu. Safari hii hakuichana, wala hakuipeleka siku hiyo. Yeye na mumewe walikaa na kalamu na karatasi, wakaona kwamba mkopo ungekwisha baada ya miezi 14. Wakaandika tarehe. Tangu siku hiyo, kila hali ngumu ilipotokea wodini, alimwita yule sista aliyekuwa akiogopa, akamweka mbele, naye akasimama nyuma yake mikono ikiwa mgongoni.

Miezi michache baadaye, usiku, mwanamke alianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Yule sista alitoa maagizo kwa sauti tulivu, mikono yake ikifanya inavyopasa, na damu ikakoma. Mtoto alikuwa analia. Hakuna aliyegeuka kumtazama mkunga mzee. Alitoka nje akakaa kwenye benchi la korido. Alifurahi, na iliuma, vyote kwa pamoja. Akamshukuru Mungu kwa vyote viwili, kisha akarudi ndani kuosha vifaa.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, waombeni waliokwisha kustaafu waeleze ni nini walichotamani wangekijua miaka mitano kabla. Vijana wasikilize bila kukatiza.

2. Yohana Mbatizaji aliona umati ukimhama naye akaiita hali hiyo furaha. Je, mtu anaweza kufurahi na kuumia kwa wakati mmoja bila kutenda dhambi? Jadilini.

3. Kanisa lenu limewapa wastaafu kazi gani inayolingana na ujuzi wao? Je, tunawahitaji kweli, au tunawapa tu viti vya mbele?

4. Mshiriki mmoja anasema, “Nitaifanya kazi ya Mungu nitakapostaafu.” Mwingine anasema, “Kazi yangu ndiyo kazi ya Mungu, sitaiacha mpaka nife.” Kila mmoja ana ukweli gani, na kila mmoja anahitaji kusahihishwa wapi?

5. Mtu ambaye hana pensheni, kama mkulima, mvuvi au mama anayeuza sokoni, anastaafu namna gani? Kanuni ya Hesabu 8 inaweza kumsaidiaje, na kanisa lina wajibu gani kwake?